Sekunde Kumi za Mkono Ulioinuliwa

Mgonjwa amelala chali. Muuguzi ameunyanyua mkono wake, kiganja kikitazama chini, akauacha hewani na kuanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi. Macho yake hayabanduki kwenye mkono ule. Ukibaki ulipo mpaka kumi, ataandika sifuri. Ukishuka polepole bila kugusa kitanda, moja. Ukijitahidi kisha ukaanguka, mbili. Ukishindwa kabisa kupambana na uzito wake wenyewe, tatu. Usipotikisika hata kidogo, nne. Baada ya hapo huja mkono wa pili, halafu miguu, kila mguu kwa sekunde tano. Hakuna sindano iliyochomwa wala mashine iliyowashwa, lakini muuguzi sasa anajua jambo ambalo ndugu waliomleta mgonjwa hawakuweza kulisema zaidi ya "amepooza".

Kipimo hicho ni NIHSS, cha kupima ukali wa kiharusi, kilichotungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1989 na Thomas Brott na wenzake. Kina vipengele 11, na alama zake huanzia 0 hadi 42. Muuguzi huuliza huu ni mwezi gani na una umri gani. Huagiza fumba macho, fumbua, kunja ngumi, kunjua. Hutazama macho yanavyofuata kidole, tabasamu linavyopinda, kidole kinavyoitafuta pua, matamshi yanavyotoka, na mwisho kabisa kama mgonjwa bado anautambua upande mmoja wa mwili wake kuwa ni wake. Aliyekizoea hukimaliza kwa dakika chache tu. Katika kazi zote zinazofanyika hospitalini hii ndiyo inayonivutia kuliko nyingine, kwa sababu ni kazi ya macho, masikio na vidole, na inafundishika kwa mtu yeyote mwenye moyo wa kujifunza.

Johannesburg ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu kwa subira. Ukitoka Park Station, ukaziacha nyuma foleni za teksi za Noord, ukapita Braamfontein na kupanda mwinuko wa Parktown, utaliona jengo kubwa la zege la Hospitali ya Charlotte Maxeke, yenye vitanda zaidi ya 1,000. Jirani yake kipo Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako hufunzwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia. Karibu na mwinuko huo limetandaa jiji lenyewe pamoja na Hillbrow, Berea na Yeoville, mitaa ya maghorofa ambamo Mzulu, Msotho, Mzimbabwe, Mkongomani na Mtanzania hupandia ngazi moja. Watafiti walikadiria mwaka 2013 kwamba Afrika Kusini hupata viharusi kama 75,000 kila mwaka, na watu kama 25,000 kati ya hao hufa ndani ya mwezi wa kwanza. Presha ndiyo mzizi mkuu. Lakini huko Soweto, madaktari wa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath waliandika mwaka 2003 juu ya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI waliopata kiharusi wakiwa bado vijana, na tangu hapo hakuna mkufunzi makini anayemruhusu mwanafunzi wake kusema "huyu ni kijana mno".

Sheria ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi ni ngumu kuliko inavyosikika: andika alichofanya mgonjwa, usiandike unachodhani anaweza kufanya. Huruma inasumbua hapa. Bibi amesema huu ni mwezi wa Juni, kumbe ni Julai, na muuguzi kijana anataka kumpa alama kwa kuwa "amekaribia". Mkufunzi anamkatalia. Jibu la kwanza ndilo linaloandikwa, na kukaribia hakuhesabiwi. Wala mgonjwa hasaidiwi kwa kuonyeshwa jibu kwa macho. Ukali huu una sababu yake: baada ya saa moja atakuja muuguzi mwingine, atapima tena, na kama alama zimepanda kwa nne au zaidi lazima daktari aitwe mara moja, kwa maana huenda damu imeanza kuvuja ndani ya ubongo. Kipimo kilichopambwa kwa huruma saa mbili usiku kinaweza kumuua mgonjwa saa tatu.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa ndipo Johannesburg inapoupa ufundi huu mtihani ambao waliotunga kipimo hawakuufikiria. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi huharibu usemi. Mgonjwa mmoja hukosa maneno. Mwingine huyamwaga kwa wingi, lakini hayana maana, yamechanganyika na kuvurugika. Sasa mweke mbele ya muuguzi Mzulu mzee wa Kikongo kutoka Yeoville, anayesema Kiswahili cha Lubumbashi. Maneno yanatoka kwa kasi. Je, yamevurugika, au ni lugha tu asiyoijua muuguzi? Tofauti ya majibu hayo mawili ni tofauti ya mgonjwa anayekimbizwa kwenye mashine na mgonjwa anayeachwa kwenye benchi akisubiri zamu yake.

Nimependa sana jinsi wakufunzi wazuri wanavyolikabili jambo hili. Kwanza, amri zote huonyeshwa kwa vitendo, kwa kuwa kipimo chenyewe kinaruhusu: muuguzi anafumba macho yake mwenyewe, anakunja ngumi yake mwenyewe, anasubiri aigwe. Pili, hutafutwa mtu wa kutafsiri, awe mhudumu wa usafi au jamaa aliyemsindikiza mgonjwa, na kabla hajaanza huambiwa asinyooshe chochote. Jamaa wana tabia ya kupanga upya maneno ya mzee wao ili asiaibike. "Anasema anaumwa kichwa," atasema binti, wakati baba amesema kitu ambacho si kichwa wala si kuumwa. Muuguzi aliyefunzwa humwambia kwa upole, "Dada, nipe maneno yake kama yalivyo, hata kama hayaeleweki." Husikiliza kama mwalimu wa madrasa anayesikiliza msomo wa mtoto, ambaye herufi moja ikitelezeshwa kichwa chake huinuka.

Zile kadi za picha zinazotumika kupima majina ya vitu nazo zinahitaji akili. Kuna ufunguo, kiti na unyoya, vitu ambavyo bibi yeyote wa Limpopo anavijua. Lakini kuna pia mmea wa jangwani wenye miiba na kitanda cha kamba cha kuning'iniza kati ya miti miwili. Mwanamke aliyefanya kazi za ndani kwa miaka mingi Johannesburg anaweza kushindwa kukitaja kitanda kile na ubongo wake ukawa mzima kabisa. Kwa hiyo muuguzi huchukua na vitu vya karibu, kijiko, saa, kitufe cha shati, kisha huandika wazi kwamba picha fulani haikuwa ya haki. Na heshima haisahauliki: ni "gogo" (bibi), "mkhulu" (babu), "ntate" (baba), "mama", kabla ya amri yoyote. Mzee anayeamrishwa kama mtoto hukaa kimya, na ukimya wake huandikwa kuwa ugonjwa.

Kipimo kina upofu wake pia, na mkufunzi asiyeusema hajafundisha. Kinatoa alama nyingi kwa usemi, kwa hiyo kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huonekana kidogo kuliko kilivyo. Kile cha nyuma ya ubongo, kinacholeta kizunguzungu na kuyumba, kinaweza kupata alama ndogo kabisa huku kikiwa cha hatari. Mgonjwa wa upande wa kulia huzungumza vizuri, hujibu mwezi na umri, hata hutania. Ila ukimgusa mikono yote miwili kwa pamoja atasema umemgusa wa kulia tu. Kipengele hiki huja mwisho, wakati muuguzi amechoka na daktari anamwita. Ndiyo maana wakufunzi hukirudia kuliko vyote.

Baada ya mwili huja saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplase, ilithibitishwa na utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 1995 kwamba inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya uliongeza muda huo hadi saa nne na nusu. Lakini saa hizo zinahesabiwa kuanzia lini? Si tangu mgonjwa alipokutwa sakafuni. Zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kuipata saa hiyo ni upelelezi, na huufanya mtu wa gari la wagonjwa akiwa bado mlangoni mwa chumba cha ghorofa ya nane. Jirani anasema, "Nimemkuta asubuhi." Haitoshi. Nani alizungumza naye jana? Simu yake inaonyesha alimpigia nani, saa ngapi? Alirudi na teksi ya jioni? Mlinzi wa getini alimwona akiingia? Alikuwa anatazama tamthilia ipi? Wanaofunzwa hufanyishwa mazoezi ya maswali haya mpaka yawatoke bila kufikiri, na huambiwa wachukue namba ya simu ya jirani au, bora zaidi, waje na jirani mwenyewe. Katika mfumo wa rangi unaotumika mapokezi ya dharura nchini humo, dalili za ghafla za kiharusi ni rangi ya machungwa: mgonjwa aonwe ndani ya dakika 10.

Kidole kinatobolewa kwanza kupima sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka huiga kiharusi kwa ustadi, na tiba yake ni glukosi. Kisha mgonjwa anakwenda kwenye CT-Scan, kwa kuwa hakuna macho ya binadamu yanayoweza kutofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka, na dawa inayomponya wa kwanza inaweza kummaliza wa pili. Jiji hili lina sehemu yake katika mashine hiyo. Allan Cormack, mwanafizikia aliyekokotoa hesabu za kuupiga mwili picha vipande vipande, alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Wazo alilianza Cape Town mwaka 1956 akifanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur, akachapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na watu wachache sana wakazijali. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeitengeneza mashine.

Picha ikionyesha hakuna damu iliyovuja, mikono ya muuguzi huwa na kazi nyingine. Presha lazima iwe chini ya 185 kwa 110. Uzito lazima ujulikane. Kwa mtu wa kilo 70 dawa ni miligramu 63: 6.3 kwa dakika moja, na 56.7 zinazobaki zinadondoshwa kwa saa nzima. Kichupa hakitikiswi, kwa sababu kitatoa povu. Huzungushwa taratibu kiganjani mpaka unga uyeyuke. Halafu presha na dalili hupimwa kila dakika 15 kwa saa mbili, kila nusu saa kwa saa sita, na kila saa mpaka siku itimie. Ni kazi ya kuchosha, nayo huangukia usiku wa manane. Nampa muuguzi wa zamu hiyo heshima kuliko daktari aliyetia saini karatasi.

Je, haya yote yanaweza kwenda haraka? Helsinki walijibu swali hilo. Mwaka 1998 mgonjwa alikuwa akisubiri dakika 105 tangu afike hospitali hadi kupata dawa; kufikia 2011 ilikuwa dakika 20. Hawakununua muujiza. Waliruhusu gari la wagonjwa lipige simu mapema, wakampeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye CT-Scan akiwa juu ya machela ya ambulansi, wakaipeleka dawa ilipo picha badala ya kumrudisha mgonjwa wodini. Mafunzo ya kiharusi ya siku hizi yamejengwa juu ya somo hilo. Timu nzima hukusanywa, mmoja hulala kwenye machela akiigiza mgonjwa, saa ya kuhesabia huwashwa, na wote hutembea njia yenyewe kutoka mlangoni. Ndipo hugundulika kwamba lifti inachukua muda mrefu, kwamba mizani iko wodi nyingine, kwamba ufunguo wa kabati la dawa anao mtu aliyekwenda kula. Makosa haya hayaonekani darasani.

Mpango mmojawapo mkubwa wa mazoezi hayo, Angels, ulianza mwaka 2016 na unafanya kazi Afrika Kusini pia. Unafadhiliwa na Boehringer Ingelheim, kampuni inayouza alteplase, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Mimi nasema pokea mafunzo, kisha pima kila somo kwa mizani yako. Kutembea njia kwa saa mkononi ni jambo jema hata kama chupa ya dawa haijafika. Na katika hospitali nyingi za umma barani humu, haijafika.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sehemu ya ufundi huu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote: maji ya kunywa. Mtu amepata kiharusi, midomo imekauka, ndugu amesimama na kikombe. Kumnyima mgonjwa maji ni jambo linalouma katika mila zetu zote. Lakini kiharusi hulegeza koo, na maji yanayopita njia ya hewa huleta homa ya mapafu, inayoua wengi waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe. Kwa hiyo muuguzi humketisha mgonjwa wima na kuhakikisha yuko macho. Humwomba akohoe. Humwambia aseme "aaa" na kuikariri sauti hiyo kichwani. Kisha kijiko kimoja cha chai cha maji. Vidole viwili huwekwa kooni kulihisi koo likipanda na kushuka. Hungoja. Humwomba tena "aaa". Sauti imebaki kavu, au imekuwa na majimaji? Kijiko cha pili. Cha tatu. Bila kikohozi, bila sauti kubadilika, ndipo humpa kikombe. Akikohoa hata mara moja, husimama, hakuna kitu mdomoni, na mtaalamu wa tiba ya usemi huitwa.

Ushahidi wake ni mzito. Sandy Middleton na wenzake, katika wodi 19 za kiharusi za New South Wales, Australia, waliwafunza wauguzi wa baadhi ya wodi hizo mambo matatu tu: kudhibiti homa, kudhibiti sukari, na kupima kumeza kabla ya kumpa mgonjwa chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Katika wodi ambazo hazikupata mafunzo, asilimia 58 ya wagonjwa walikuwa wamekufa au wanategemea wengine baada ya siku 90. Katika zile zilizofunzwa, asilimia 42. Hakukuwa na dawa mpya, bali kipimajoto, tone la damu ya kidole na maji ya kijikoni.

Mikono hiyohiyo hujifunza kutomvuta mgonjwa kwa mkono uliopooza anapogeuzwa, kwa maana bega lisilo na misuli ya kulishika huchomoka, na maumivu yake hukaa miezi. Hujifunza pia kiasi. Utafiti wa AVERT, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya siku ya kwanza kulipunguza uwezekano wake wa kupona vizuri. Bidii peke yake haikutosha.

Wagonjwa wengi wa jiji hatimaye hurudishwa kijijini kwao. Watafiti wa Witwatersrand waliopita nyumba kwa nyumba Agincourt, mashambani kaskazini-mashariki mwa nchi, walichapisha mwaka 2004 kwamba theluthi mbili ya walionusurika na kiharusi walihitaji msaada kwa angalau shughuli moja ya kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni. Kwa hiyo somo la mwisho la muuguzi si lake, ni la binti au mke atakayebaki na mgonjwa. Anayejua kufundisha hasemi tu. Humpa binti kijiko, humwonyesha mto wa kuweka chini ya bega, kisha husimama kando na kumwacha afanye mwenyewe mbele yake mpaka aweze.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo si dogo. Utafiti wa Tanzania wa miaka ya 2003 hadi 2006, uliochapishwa 2010, ulikuta kwamba Dar es Salaam, baada ya kurekebisha umri, ilikuwa na viharusi vipya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 108.6. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazina CT-Scan wala alteplase, na wakubwa hutumia upungufu huo kama sababu ya kutofundisha lolote. Sababu hiyo haina nguvu. Mganga mfawidhi unayesoma hapa, una kipimajoto, una mashine ya sukari, una kijiko. Wafunze wauguzi wako kupima kumeza wiki hii, na ubandike kwenye ukuta wa wodi kwamba mgonjwa wa kiharusi hapewi kitu mdomoni kabla hajapimwa. Nawe uliye nyumbani, ukimwona mtu uso umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yamevurugika, uliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, iandike saa hiyo, usimpe maji wala dawa yoyote, na umkimbize hospitali saa hiyohiyo.